Robo ya Kidonge

*Kwenye karatasi ya maabara, yenye muhuri*

Maskati, 6 Februari 1999

Mama yangu Shariffa,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo mbele ya habari, kwa sababu habari zenyewe zinanisukuma mkono na nikizipa nafasi nitasahau adabu uliyonilea nayo. Nunu, wewe unayemsomea Mama barua hii, isome taratibu, na usiruke maneno kwa kuyaona marefu.

Tangu mwanzo wa mwezi huu nimeajiriwa kuwa mtafiti msaidizi katika maabara ya vijidudu, chini ya Daktari Saeed, ambaye asili yake ni Unguja. Katika wahitimu kumi na saba walioomba, nimechaguliwa peke yangu. Karatasi unayoishika, Mama, ni ya maabara, na muhuri ulio juu yake nina ruhusa ya kuutumia.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Wako vijidudu ambao dawa za antibiotiki hazikuwaua, na sasa wamekuwa sugu. Kwenye kuta za miili yao mna pampu: dawa ikiingia, wao huitoa nje kabla haijafanya kazi. Sisi tunatafuta katika mimea kitu cha kuiziba pampu hiyo, ili dawa ya zamani irudi kuwa na nguvu. Mimi nimependekeza pilipili manga, na Daktari amekubali nijaribu. Naomba mniletee ratili mbili za pilipili ya shamba letu, iliyokauka vizuri.

Sasa mguu wa Nunu. Nimemsimulia Daktari namna bati lilivyomkata kwenye muundi, na kwamba miezi minane ya sindano haijaukausha usaha. Amesema kijidudu kimeingia mfupani, na bila shaka ni sugu. Ameandika dawa, nami nimempa Bi Nasriya, jirani yangu wa hapa Darsait anayekuja Wete, vidonge mia moja sitini na nane. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, wiki kumi na mbili, bila kukosa hata siku moja. Daktari amesema hii ndiyo nafasi iliyobaki. Ikishindikana, huenda mguu ukakatwa, au yakafika makubwa zaidi ya mguu.

Mwanao,
Thabit Muhanna
Shahada ya Sayansi, Daraja la Kwanza

---

Wete, 24 Februari 1999

Kaka Thabit,

Barua yako nimemsomea Mama mara tatu. Ya kwanza alilia, ya pili akaniuliza pampu ni nini, ya tatu akaita watu. Bi Mastura wa nyumba ya pili kasema hajapata kusikia barua kama khutba ya Ijumaa ikatiwa na vijidudu ndani. Usikasirike, wallahi tulicheka kwa mapenzi.

Hiyo pampu yako nimeifahamu. Ni kama bawabu: mgeni akiingia, yeye humshika kwapa akamtoa. Nimempa jina, Bwana Toka. Kila nikimeza kidonge namwambia, "Leo huyu humtoi, Bwana Toka, huyu katoka Maskati."

Na kweli hamtoi. Siku ya tisa leo, na usaha umepungua mpaka kitambaa nabadilisha mara moja tu kwa siku. Jana nilikwenda mpaka kisimani bila ya fimbo. Mama kaniona kwa dirishani, akaenda kuswali na wala haukuwa wakati wa sala.

Halua uliyompa Bi Nasriya atuletee imegaiwa yote. Mama kabakisha kipande cha kunusa. Unaijua kauli yake: cha Maskati hakiliwi chumbani. Watu walitaka kuviona na vidonge pia. Vikapita mkono kwa mkono kama posa. Mzee Muhanna wa msikitini, wajina wa marehemu baba, akauliza kama vinatibu na donda lake la kisukari. Nikamwambia hivi ni vyangu, Daktari kavihesabu. Mama akanitazama jicho hilo, nikaona haya.

Pilipili hiyo inakuja, ratili mbili na nusu. Nimeichambua mwenyewe punje kwa punje, ili maprofesa wako wasiseme Wapemba wanachanganya na mawe.

Mama asema anakuombea kila alfajiri. Mie nakuombea nikikumbuka.

Mdogo wako,
Nunu
(Shahada ya Kuchambua Pilipili, Daraja la Kwanza)

---

*Kwenye karatasi ya maabara, yenye muhuri*

Maskati, 19 Machi 1999

Mama yangu Shariffa, na mdogo wangu Nunu,

Naandika nikiwa ningali nimevaa koti la maabara.

Pilipili yenu niliisaga, nikailoweka katika spiriti, nikaichuja mpaka nikapata maji ya rangi ya kahawia. Nikachukua kijidudu sugu, kilichotoka katika kidonda cha fundi mmoja wa gereji za mtaa wa Ghala, ambaye dawa zote zilikuwa zimemshinda. Katika visahani vya kwanza nilitia dawa peke yake, na vijidudu vikaota kama kwamba nimevimwagilia maji. Katika visahani vya pili nilitia dawa pamoja na maji ya pilipili, nami nikawa naipunguza dawa: nusu, kisha robo. Asubuhi nilipofungua, penye robo hapakuwa na kilicho hai. Robo, Mama!

Mtafahamu uzito wa jambo hili. Wanasayansi wa nchi kubwa wanatafuta dawa mpya kwa miaka mingi, ilhali jibu limeanikwa kwenye jamvi uani kwetu. Mgonjwa ambaye jana alihitaji kidonge kizima, kesho atatosheka na robo, ikifuatana na pilipili manga ya Pemba. Mwezi wa Juni nitasimama mbele ya maprofesa kuyaeleza haya, na nimekwisha kuanza kuiandika hotuba yangu.

Nunu, huyo Bwana Toka amekutana na mwenziwe. Idi ikikukuta mzima wa mguu, kumbuka kwamba kaka yako alikuwa na sehemu yake.

Thabit Muhanna
Shahada ya Sayansi, Daraja la Kwanza

---

Wete, 2 Aprili 1999
*Kwa mkono wa Bi Nasriya*

Kaka Thabit,

Barua yako imefika Idi pili, nyumba imejaa, watu wangali wana nyama mikononi. Mama akasema, "Soma hapo hapo." Nikasoma nimesimama, kwa miguu miwili. Nilipofika pale pa robo, Mzee Muhanna akasema, "Rejea hapo, mwanangu." Nikarejea. Akaniuliza, "Na muhuri upo?" Nikamwonyesha.

Basi sikiliza tulivyofanya, ufurahi. Vidonge vilikuwa vimebaki themanini na vinne. Mama akasema, ikiwa robo yatosha, hivi vyengine ni haki ya watu. Tukaleta wembe, tukakata kila kimoja vipande vinne. Mie nnachukua robo asubuhi na robo jioni, pamoja na kijiko cha pilipili iliyotwangwa na asali, inawasha mpaka masikio yanalia. Mzee Muhanna kapewa kwa donda lake, Bi Mastura kwa jipu la ziwa, na wengine wanne. Kila mmoja kafungiwa yake kwenye karatasi, na maneno yako nimeyanakili juu kwa mkono wangu: *robo, ikifuatana na pilipili manga ya Pemba*. Hajapatapo mtu kutoa sadaka kama hii Wete.

Kaka, nilikuwa nikiona uchungu kuwa na dawa peke yangu na watu wananitazama. Leo nalala.

Barua hii siipeleki posta, nampa Bi Nasriya anayerudi huko wiki hii, akutie mkononi mwenyewe.

Nunu

---

Maskati, 2 Mei 1999

Bwana Thabit,

Nimepitia daftari lako la majaribio. Nina swali moja, nalo lilipaswa kuwa swali lako kabla ya kuwa langu: kisahani cha spiriti peke yake kiko wapi?

Sikukiona, kwa hivyo wiki hii nilikitengeneza mwenyewe. Spiriti bila pilipili, bila dawa, kwa kipimo kile kile ulichotumia. Vijidudu vyote vilikufa. Kisha nikaikausha spiriti yote, nikabakisha pilipili tupu na dawa. Katika vijidudu tisa nilivyojaribu, kimoja tu kilidhoofika, tena kwa kiasi cha nusu. Robo haipo.

Fikra ya kuziba pampu kwa mimea si upuuzi, na huenda siku moja ikamfaa mtu. Lakini ulichokiona si pilipili. Hotuba yako ya Juni iandike upya au uiondoe. Na kama umemwambia mtu yeyote nje ya maabara, mwambie upesi zaidi kuliko ulivyomwambia mwanzo.

Saeed

---

*Kwenye karatasi ya maabara, yenye muhuri*

Maskati, 12 Mei 1999

Mdogo wangu Nunu,

Sijapata barua yenu tangu ile ya Februari. Nimemwendea mume wa Bi Nasriya, akaniambia mkewe amepitia Dar es Salaam kwa binti yao aliyejifungua, na hajui lini atarudi. Nadhani mmempa yeye barua. Mbona posta ipo?

Mimi sijambo. Majaribio yanaendelea, na yapo mambo madogo ya kurekebisha, ambayo si ya kukuchosheni. Nilikusudia kuyaeleza hapa kwa urefu. Nimeandika ukurasa mzima kisha nikauchana, kwa sababu nilipoutazama niliona ni lugha ya maabara, nanyi msingefaidika nayo.

Wiki kumi na mbili zako zimekwisha, hesabu yangu haikosei. Nataraji umevimaliza vidonge vyote na mguu umepona. Niandikie neno moja tu: nimepona. Nitalihitaji siku ya kusimama mbele ya watu.

Thabit Muhanna
Shahada ya Sayansi

---

Wete, 3 Juni 1999

Kaka Thabit,

Sote wazima. Barua yetu anayo Bi Nasriya, ikifika utafurahi. Mwandiko huu ukiuona umelala, basi ni kwa sababu mwenyewe nimelala, kwa uvivu tu. Mama asema nisikuchoshe kwa maneno mengi kabla hujasimama mbele ya wakubwa. Mtu wa ugenini hapelekewi uzito.

Nna swali moja la kisayansi, la kujifunza tu. Huyo Bwana Toka, akishatoa dawa leo, na kesho, na kesho kutwa, hachoki? Nijibu kwa posta.

Nunu

---

*Kwenye karatasi ya maabara, yenye muhuri*

Maskati, 15 Juni 1999

Mdogo wangu Nunu,

Swali lako limenifurahisha kuliko jambo lolote la mwezi huu. Wewe ulistahili chuo kikuu.

Hachoki. Kinyume chake, dawa ikija pungufu, ndipo anapojifunza. Dawa kamili humuua kabla hajapata somo. Dawa pungufu humwacha hai, akiwa ameujua mwendo wake, kisha yeye huwafundisha wanawe. Kwa hiyo mgonjwa anayekatakata dawa hana tofauti na mtu anayewajengea skuli adui zake, na baada ya hapo hata dozi kamili haitamfaa. Ndiyo sababu nilikusisitizia ule kimoja kizima asubuhi na kimoja kizima jioni.

Hotuba yangu imeahirishwa. Nitakuelezeni.

Kaka yako,
Thabit

---

Wete, 29 Agosti 1999
*Kwa herufi za Kiarabu*

Mwanangu Thabit,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa chuo cha Kurani, kwa sababu aliyekuwa akiniandikia hayupo. Nunu katutoka tarehe kumi na saba ya mwezi wa saba, Jumamosi, baada ya adhuhuri. Inna lillahi. Nilikataza usipigiwe simu. Msiba hauambiwi mtu aliye peke yake.

Mguu ulirudi kufura mwezi wa tano. Hakutaka nikwambie, nami sikutaka. Tulimpeleka hospitali, wakatia sindano hii na ile, wakasema kila dawa waliyonayo haishiki. Mwisho homa ikapanda kichwani.

Nna mambo mawili nataka unifahamishe, wewe ndiye msomi.

La kwanza. Barua yako ya mwisho ilipokuja aliisoma kimya, akaikunja. Nikamwambia nisomee. Akasema, "Amesalimia tu, Mama, na asema nitapona." Hakuniachia niishike. Siku ile ile akanituma kwa watu wote tuliowagaia robo zao, nikawaombe zilizobaki, niseme anazihitaji mwenyewe. Wakazitoa, lakini maneno yalipita. Bi Mastura kasema, "Mtoto kaona roho tamu, kaona choyo." Mwanangu hakuwa na choyo.

La pili. Tulipomwosha nimezikuta zile robo zimefungwa kwenye foronya ya mto wake, arubaini na moja. Hakumeza hata moja. Sikufahamu. Nikaona isibaki haki ya mtu shingoni mwa maiti, nimewarudishia wenyewe wote, na shukrani zangu kwa rambirambi zao. Wameshukuru sana. Mzee Muhanna anatumia mpaka leo, ingawa donda halijakauka.

Hiyo barua yako naitia humu ndani. Niandikie kwa herufi zetu, nami nijue ulimwambia nini mwanangu.

Mama yako,
Shariffa

---

*Kwenye karatasi tupu, kwa herufi za Kiarabu*

Maskati, 14 Septemba 1999

Mama,

Barua yako imenifikia Jumatano. Bi Nasriya naye karudi Ijumaa, kanipa ile ya Nunu ya Aprili, imechakaa mkobani. Nilizisoma kwa mpango huo: kwanza kwamba amekufa, kisha kwamba amefurahi.

Umeniuliza nilimwambia nini. Nilimwambia kwamba dawa pungufu humfundisha kijidudu kuishinda dawa, na kwamba anayekata kidonge anajijengea maangamizi. Nilimwambia kwa madaha, kama mwalimu, nami sikujua kwamba yeye ndiye aliyekata. Alipoisoma alijua kila kitu, Mama. Alijua kwamba barua yangu ya Machi ndiyo iliyomwangusha. Akaificha ile ya Juni ili wewe usijue, na akazikusanya robo ili wengine wasidhurike, akakubali kuitwa mchoyo ili jina langu lisiharibike. Hiyo ndiyo maana ya foronya.

Robo haikuwa kweli. Ilikuwa spiriti. Nilisahau kuweka kisahani kimoja, cha spiriti peke yake, jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halisahau, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kukuandikieni. Daktari alinionyesha kosa tarehe mbili Mei na akaniambia niwaarifu. Tarehe kumi na mbili nilikuandikieni, nami sikuwaarifu. Niliona haya. Nilijiambia kwamba hakuna aliyedhurika na maneno, kwamba Nunu ana vidonge vyake vizima. Nilisahau cha Maskati kinavyoliwa kwetu. Mimi niliyekulia kwenye baraza ile nilisahau.

Lau ningeandika mistari miwili siku ile, huenda bado angekuwa na mguu wa kukatwa.

Nakuomba, waite wote walioisikia ile ya Idi, uwasomee hii. Wazitupe robo. Mzee Muhanna aende hospitali leo, si kesho.

Maabara nimeondoka. Mkataba wangu haukuendelezwa, na ni haki. Sasa niko Rusayl, katika kiwanda cha maji ya chupa. Napima kama maji ni safi.

Sikuombi msamaha, kwa kuwa sijui ni wa kiasi gani.

Thabit

---

Wete, 8 Oktoba 1999
*Kwa herufi za Kiarabu*

Thabit,

Niliwaita wote, baada ya Ijumaa. Nikawasomea mwenyewe, neno kwa neno, wala sikuruka.

Nilipomaliza, Mzee Muhanna akasema, "Nionyeshe karatasi." Nikampa. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Hii haina muhuri. Ile ya kwanza ilikuwa na muhuri, na shahada yake kaiandika chini. Hii ni ya kijana aliyefiwa, anajitia makosa. Mwache apumzike." Bi Mastura akasema jipu lake lilipasuka lenyewe baada ya robo ya nne, na kama si robo ni nini? Wakanipa pole, wakaondoka. Robo zao wanazo. Wengine wameshanakili yale maneno ya robo, yamefika mpaka Konde.

Wanataka uandike tena kwenye karatasi ya maabara. Nimewaambia huna.

Mzee Muhanna jana hakutoka kuswali. Mguu umekuwa mweusi mpaka kwenye kifundo, na bado anaagiza asali.

Mie sihitaji muhuri. Nilikufundisha kuandika kwa mkono huu, naujua mwandiko wako ukisema kweli.

Nimekuamini.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Shariffa